Mgawanyo wa Moduli na Uelekezaji katika Programu ya Ukurasa Mmoja

Wanachuo wengi wanaojiandaa kufundisha TEHAMA katika shule za msingi huijua kompyuta kwa upande wa matumizi tu. Wanajua kufungua kivinjari, kuandika anwani na kubofya kiungo. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Mwanafunzi wa darasa la sita akiuliza kwa nini zoezi lake limetoweka mara alipobonyeza kitufe cha kurudi nyuma, au kwa nini anwani iliyoandikwa ubaoni imewafikisha wenzake kwenye ukurasa wa mwanzo badala ya somo la saba, mwalimu aghalabu hujibu kwamba mtandao ni mbovu. Jibu hilo mara nyingi si la kweli. Kasoro za namna hiyo kwa kawaida hutokana na jinsi programu yenyewe ilivyogawanywa na jinsi njia zake zilivyopangwa. Katika makala haya tutaeleza mambo hayo mawili, yaani mgawanyo wa moduli na uelekezaji, kisha tutaonyesha namna ya kuyafundisha darasani hata pale ambapo hakuna kompyuta.

Shabaha yetu si kumfanya kila mwalimu awe mtunzi wa programu. Shabaha ni kumwezesha kuikagua programu anayoletewa shuleni, kama vile anavyokikagua kitabu cha kiada kabla ya kukipeleka mbele ya watoto.

Maana ya ukurasa mmoja

Wavuti, ambao Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi, ulijengwa juu ya wazo la kurasa nyingi. Kila ukurasa ulikuwa na anwani yake. Msomaji alipobofya kiungo, kivinjari kiliiomba seva ukurasa mpya, nayo seva ikauleta mzima: kichwa, picha, maandishi na kila kitu. Hata kama kilichobadilika ni sentensi moja tu, ukurasa wote uliletwa upya.

Mwaka 1999 kivinjari cha Internet Explorer 5 kilikuja na uwezo wa kuomba kipande cha habari kutoka kwenye seva bila kuubadilisha ukurasa wote. Uwezo huo haukutiliwa maanani sana mpaka ilipotokea Gmail mwaka 2004 na ramani za Google mwaka 2005. Katika programu hizo mtumiaji aliona barua zikifunguka na ramani ikisogea bila ukurasa kupakiwa upya. Katika miaka iliyofuata wazo hilo lilisukumwa hadi mwisho wake: seva huleta ukurasa mmoja tu mwanzoni, pamoja na programu iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript, baada ya hapo programu hiyo ndiyo hufuta na kuchora upya kila kinachoonekana kwenye skrini. Hiyo ndiyo tunayoiita programu ya ukurasa mmoja.

Mfano ulio karibu na mwalimu ni huu. Katika shule nyingi za sekondari mwanafunzi wa sayansi huhama chumba: kipindi cha Kemia yuko maabara, kipindi cha Jiografia yuko chumba kingine. Huo ndio wavuti wa zamani. Katika shule ya msingi watoto hukaa katika chumba kile kile siku nzima; wanaobadilika ni walimu, na ubao hufutwa kisha huandikwa upya. Hiyo ndiyo programu ya ukurasa mmoja. Ubao ni skrini. Anayefuta na kuandika ni JavaScript.

Mfano huu una mpaka wake, na mwalimu yampasa aujue kabla ya kuutumia. Mtoto anayekaa darasani anajua kipindi gani kinaendelea kwa sababu amemwona mwalimu akiingia. Kivinjari hakina macho ya namna hiyo. Kwa asili yake kilifundishwa kwamba mahali pamebadilika pale tu anwani inapobadilika. Ubao ukifutwa na kuandikwa upya mara kumi bila anwani kuguswa, kivinjari kinaamini kwamba msomaji bado yuko pale alipoingilia. Akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma akitumaini kurudi kwenye swali la tisa, kivinjari kitamtoa nje ya programu nzima. Hapo ndipo zoezi la mtoto wetu lilipopotelea, na hiyo ndiyo sababu ya kuwako kwa uelekezaji.

Moduli

Moduli ni sehemu ya programu yenye kazi moja inayoeleweka, ambayo huonyesha sehemu nyingine mlango wake tu na kuficha mambo yake ya ndani. Lugha ya JavaScript haikuwa na moduli rasmi hadi kilipotolewa kiwango chake cha mwaka 2015. Kabla ya hapo, mafaili yote yaliyopakiwa katika ukurasa yalitumia uwanja mmoja wa majina. Ilikuwa sawa na darasa lenye akina Juma watano wasio na majina ya baba zao: mwalimu akiita "Juma", hajui nani atasimama. Watunzi walibuni hila nyingi za kuepa mgongano huo, lakini zilibaki hila. Tangu mwaka 2015 faili moja laweza kutangaza wazi kile linachokitoa kwa wengine na kile linachokichukua kutoka kwa wengine.

Kuwa na moduli, hata hivyo, si sawa na kuzigawa vizuri. Hapa ndipo penye uzito wa somo letu.

Tuchukue programu ndogo ya mazoezi inayotumiwa na shule. Ina mazoezi ya Hisabati na Kiswahili, ina matokeo, na ina usajili wa wanafunzi. Mtunzi mmoja anaweza kuigawa kwa aina ya vitu: faili zote za skrini kabati moja, faili zote za kuwasiliana na seva kabati la pili, faili zote za hesabu kabati la tatu. Mtunzi mwingine anaweza kuigawa kwa kazi: kila kinachohusu mazoezi mahali pamoja, kila kinachohusu matokeo mahali pamoja, na usajili vivyo hivyo. Kwa macho, mgawanyo wa kwanza unapendeza zaidi. Unafanana na stoo iliyopangwa, vitabu upande huu, chaki upande ule. Lakini sasa shule inaamua kwamba alama zilizokuwa zikitolewa kwa 100 zitolewe kwa 50. Katika mgawanyo wa kwanza mtunzi atafungua makabati yote matatu, na kila kabati atakutana na vitu visivyohusika. Katika mgawanyo wa pili atafungua moduli ya matokeo, na huenda asiguse nyingine.

Suala hili si geni. Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala iliyoligusa kwa njia ambayo hadi leo haijapitwa na wakati. Alichukua programu moja ya kutengeneza faharasa, akaigawa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ilifuata hatua za kazi: soma, zungusha maneno, panga, chapa. Namna ya pili ilimtaka mtunzi ajiulize kwanza ni maamuzi gani yanayoelekea kubadilika baadaye, kisha afiche kila uamuzi ndani ya moduli yake. Programu zote mbili zingeweza kufanya kazi. Zilitofautiana siku ya mabadiliko: katika ya kwanza badiliko dogo la namna ya kuhifadhi mistari liligusa karibu moduli zote, na katika ya pili lilibaki ndani ya moduli moja. Mwalimu anayetayarisha azimio la kazi atalitambua jambo hili upesi. Azimio lililopangwa kwa mada laweza kustahimili wiki moja ya mvua na watoto wasiofika. Lililofungwa kwa tarehe pekee huvurugika lote.

Mfano wa Kolibri

Yafaa tutazame programu halisi inayowahusu walimu. Kolibri ni programu ya kujifunzia inayotolewa bure na shirika la Learning Equality la Marekani, lile lililotoa KA Lite mwaka 2012. Imetengenezwa kwa ajili ya shule ambazo hazina intaneti. Kompyuta moja huwa seva ya shule, na vishikwambi au kompyuta nyingine huunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Watunzi wake hawakuigawa kwa aina ya vitu. Waliigawa kwa watu na kazi zao. Iko sehemu ya mwanafunzi anayejifunza. Iko sehemu ya mwalimu, anamopanga masomo na kutazama maendeleo ya darasa. Iko sehemu ya msimamizi wa kituo, anamosajili watumiaji na madarasa. Na iko sehemu ya kifaa chenyewe, anamoingiza mtu masomo kwenye seva. Kila sehemu kati ya hizo ni programu ya ukurasa mmoja yenye njia zake. Vitu vinavyotumiwa na sehemu zote, kama vile vitufe, lugha na utambulisho wa mtumiaji, vimewekwa katika msingi mmoja. Ushahidi kwamba mgawanyo huo ni wa kweli, wala si wa karatasi tu, ni kwamba msimamizi anaweza kuizima sehemu moja kwa amri, nazo nyingine zikaendelea.

Anwani zake nazo zinaonyesha mgawanyo huo. Ukifungua sehemu ya mwanafunzi kwa Kiingereza utaona mwishoni mwa anwani maneno kama /en/learn/#/home. Herufi mbili za kwanza zinataja lugha. Neno linalofuata linataja sehemu ya programu, na hilo seva inaliona. Baada ya alama ya reli linakuja jina la mahali ndani ya sehemu hiyo, na hilo seva haioni kabisa. Tutarudi kwenye alama hiyo hivi punde, maana imewahi kuleta taabu kubwa.

Kuhusu msingi wa pamoja, tahadhari moja. Katika kila programu huzuka moduli inayoitwa "mengineyo" au "msaada", na kila mtunzi asiyejua pa kuweka kitu hukitupa humo. Shule nazo zina chumba cha namna hiyo, chenye madawati mabovu, ngoma na ramani iliyochanika. Kanuni inayofaa ni kwamba sehemu za kazi zaweza kuutegemea msingi, lakini msingi usizitegemee sehemu za kazi. Na sehemu moja isiingize mkono ndani ya nyingine. Moduli ya matokeo ikitaka kujua jina la zoezi, na iulize mlangoni pa moduli ya mazoezi. Isifungue madaftari yake.

Uelekezaji

Uelekezaji ni kazi ya kuisoma anwani na kuamua moduli ipi ichore skrini. Kifaa kinachofanya kazi hiyo ndani ya programu tutakiita kielekezi. Moyo wake ni jedwali tu: upande mmoja mifano ya anwani, upande wa pili moduli zinazohusika. Katika programu yetu ya mazoezi, anwani /mazoezi/hisabati/7 humaanisha: moduli ya mazoezi, somo la Hisabati, zoezi la saba. Neno la kwanza ni la kudumu, na sehemu mbili zinazofuata hubadilika. Hivyo mstari mmoja wa jedwali hutosha kwa mazoezi yote. Haihitajiki mistari mia mbili kwa mazoezi mia mbili.

Mistari hiyo ina mpangilio. Katika vielekezi vingi jedwali husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaofanana ndio unaoshika. Ikiwa mstari wa juu unasema "/mazoezi/ na neno lolote", basi anwani /mazoezi/mapya itadhaniwa kuwa ni somo linaloitwa "mapya", na ukurasa wa mazoezi mapya hautafunguka kamwe. Mistari yenye majina mahususi iwekwe juu, ya jumla iwekwe chini, na mwisho kabisa uwekwe mstari unaopokea kila anwani isiyojulikana na kumwambia msomaji waziwazi kwamba mahali hapo hapapo. Programu nyingi hukosea kwa kumrudisha msomaji ukurasa wa mwanzo kimyakimya. Ndiyo sababu watoto wale walifika ukurasa wa mwanzo badala ya somo la saba: anwani ilikosewa herufi moja, na programu ikaona haya kusema.

Ni kitu gani basi kiwekwe katika anwani? Jibu langu ni hili: kila kinachohitajika ili mtu mwingine, kwenye kifaa kingine, afike mahali pale pale. Somo, zoezi na namba ya swali vinastahili kuwamo. Jibu ambalo mtoto hajamaliza kuliandika halistahili. Hilo lihifadhiwe ndani ya kifaa au kwenye seva kila baada ya muda mfupi. Nywila isiwekwe kabisa, wala jina la mtoto, kwa maana anwani hubaki katika kumbukumbu ya kivinjari na huonekana kwa yeyote atakayekishika kishikwambi baada yake. Shuleni kishikwambi kimoja hupita mikono mingi.

Kitufe cha kurudi nyuma nacho kina kanuni zake. Kivinjari hutunza anwani zilizopitiwa kama mrundo wa kadi. Programu inaweza kuweka kadi mpya juu ya mrundo, au kuibadilisha ile iliyo juu. Mwanafunzi akitoka swali la tatu kwenda la nne, iwekwe kadi mpya, ili aweze kurudi. Lakini programu ikimpeleka yenyewe kutoka ukurasa wa kujitambulisha kwenda ukurasa wa masomo, kadi ibadilishwe. Isipobadilishwa, kila akibonyeza kurudi nyuma ataangukia ukurasa wa kujitambulisha, nao utamsukuma mbele tena, na hatatoka humo.

Alama ya reli na taabu zake

Kipande cha anwani kinachofuata alama ya reli (#) hakitumwi kwa seva. Asili yake ni kuonyesha mahali ndani ya ukurasa, kama vile kichwa cha habari cha tatu. Watunzi wa programu za ukurasa mmoja waliona kwamba wanaweza kukibadilisha wapendavyo bila kivinjari kuomba ukurasa mpya, wakakifanya kuwa njia. Mnamo Septemba 2010 mtandao wa Twitter, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa X, ulitoa sura mpya iliyotumia anwani zenye alama ya reli na ya mshangao pamoja. Februari 2011 tovuti za kundi la Gawker nchini Marekani zikafuata. Matokeo yake yalionekana mara moja: faili la JavaScript liliposhindwa kupakiwa, wasomaji walikutana na kurasa tupu. Seva ilikuwa hai na makala zilikuwamo, ila seva haikuwa na njia ya kujua msomaji anataka makala ipi, kwa kuwa jina la makala lilikuwa baada ya alama ya reli.

Mwezi Mei 2012 Twitter walieleza kwamba wanaachana na mtindo huo na kurudisha kazi ya kuchora ukurasa wa kwanza kwenye seva. Kwa maelezo yao, muda wa kupakia ukurasa ulishuka hadi sehemu moja ya tano ya ule wa awali.

Wakati huo vivinjari vilikuwa vimeanza kuleta njia nyingine, inayoruhusu programu kubadilisha anwani nzima bila ukurasa kupakiwa upya. Internet Explorer 9 ya mwaka 2011 haikuwa nayo. Toleo la 10 la mwaka 2012 lilikuwa nayo. Kwa njia hii anwani husomeka kama anwani ya kawaida. Lakini ina sharti ambalo watunzi wapya husahau karibu kila mara. Mtoto akiwa ndani ya programu na kubofya kiungo cha /mazoezi/hisabati/7, kielekezi hushughulikia na yote huenda sawa. Akiupakia upya ukurasa huo, au akiiandika anwani ile mwenyewe kutoka ubaoni, ombi sasa linakwenda kwa seva, nayo seva inatafuta faili lenye jina hilo na haioni. Hapana budi seva iagizwe kwamba kwa anwani yoyote ya programu itoe ule ukurasa mmoja, kisha kielekezi kitajua la kufanya. Programu inayofanya kazi ukibofya lakini inashindwa ukipakia upya ina kasoro hii, na mwalimu anaweza kuigundua katika nusu dakika.

Isidhaniwe kwamba alama ya reli ni dhambi. Kolibri inaitumia, na kwa maoni yangu ina haki ya kuitumia: seva yake iko ndani ya shule, haihitaji kupata wasomaji kutoka nje, na mtindo huo hauitaki seva iagizwe lolote kuhusu njia za ndani. Tovuti ya habari inayotarajia viungo vyake vienee dunia nzima iko katika hali nyingine kabisa.

Uzito wa programu

Moduli zilizogawanywa kwa kazi huleta faida nyingine mahali ambapo mtandao ni dhaifu. Kielekezi kikijua kwamba /matokeo ni ya moduli ya matokeo, kinaweza kuiacha moduli hiyo kwenye seva mpaka mtu aombe anwani hiyo. Kishikwambi cha mwanafunzi hakina sababu ya kubeba ripoti za mwalimu mkuu. Ila kila ombi jipya lina gharama yake, na programu iliyokatwa vipande mia itamchosha mtoto kwa kungojangoja. Vipande vifuate mipaka ya kazi, basi.

Mlango si kufuli

Tumefikia jambo ambalo lingeniridhisha kama wanachuo wangelikumbuka hata wakiyasahau mengine yote. Vielekezi vingi vina walinzi: kabla ya kufungua /matokeo/hariri, kielekezi huuliza kama mtumiaji ni mwalimu, na kama siye humrudisha. Watu huona hivyo na kuamini kwamba alama ziko salama. Haziko.

Kielekezi kinaendeshwa ndani ya kifaa cha mtumiaji. Mtu yeyote mwenye kivinjari na udadisi anaweza kuisoma programu iliyoletwa kwenye kifaa chake na hata kuibadilisha. Anaweza pia kumpita mlinzi bila kumgusa, kwa kutuma ombi moja kwa moja kwa seva: badilisha alama za mwanafunzi fulani kutoka 31 kuwa 43. Ikiwa seva inaamini kwamba kila ombi limekwisha kukaguliwa na kielekezi, italitekeleza. Mlinzi wa kielekezi kazi yake ni adabu tu: kumwepusha mtumiaji na ukurasa usiomhusu. Ulinzi wenyewe uko kwenye seva, ambayo lazima iulize katika kila ombi, bila kuchoka: wewe ni nani, na je, una ruhusa ya jambo hili? Shule inayotaka kuweka alama za mitihani katika programu ya namna hii imwulize mtunzi swali hilo kabla ya kuipokea. Mtunzi akionyesha ukurasa ambao mwanafunzi hawezi kuufungua, hajajibu swali.

Namna ya kulifundisha somo hili

Katika darasa la sita au la saba somo hili laweza kuchukua vipindi viwili vya dakika 40. Zana ni kadi za karatasi, ubao, chaki na sanduku.

Mwalimu awachague watoto wachache. Mmoja awe kielekezi, asimame karibu na ubao akiwa na jedwali la njia kwenye karatasi kubwa. Vikundi vitatu vya watoto wawili wawili viwe moduli za mazoezi, matokeo na usajili. Mtoto mmoja awe seva, akae nyuma ya darasa akilinda sanduku lenye maswali na alama. Wanafunzi waliobaki ni watumiaji. Mtumiaji anaandika anwani kwenye kadi, anampa kielekezi, kielekezi anatafuta katika jedwali na kuita moduli, moduli inamtuma mmoja wao kwa seva kuchukua inachohitaji, kisha inafuta ubao na kuandika. Kadi inawekwa juu ya mrundo mezani.

Michezo miwili mitatu ikipita bila kosa, mwalimu aanze kuvuruga. Atoe kadi yenye anwani isiyokuwamo katika jedwali, na awaache watoto waamue la kusema. Aseme "rudi nyuma", kadi ya juu iondolewe, na moduli iliyotajwa na kadi inayofuata ichore tena. Kisha, moduli ya mazoezi ikiwa katikati ya kuandika jibu la mtumiaji ubaoni, mwalimu aseme "pakia upya": ubao wote ufutwe, vikundi vyote virudi mahali pao, na kazi ianze upya kwa kadi iliyo juu ya mrundo. Hapo watoto wataona wenyewe kwamba kilichokuwa kwenye kadi na kilichokuwa kwenye sanduku vimerudi, na kwamba jibu lililokuwa ubaoni tu limepotea. Mwalimu asiharakishe kueleza. Aulize: jibu lile lingewekwa wapi ili lisipotee? Wengine watataka liandikwe kwenye kadi. Hoja hiyo isikataliwe mara moja. Wapewe kadi ndogo waandike humo jibu la sentensi sita, kisha kadi hiyo ipitishwe kwa jirani aisome.

Kipindi cha pili kihusu mlinzi. Kielekezi apewe amri ya kuwakataza wanafunzi kufika /matokeo/hariri. Mtumiaji akataliwe mara moja mbele ya wote. Baadaye mwalimu amnong'oneze mtoto mwingine apite kando ya madawati hadi kwa seva na kusema: "Nimetumwa na moduli ya matokeo, badilisha alama za fulani." Kwa kawaida mtoto aliye seva hubadilisha. Majadiliano yatakayozuka hayahitaji kusukumwa; mwalimu aandike tu ubaoni maswali ambayo darasa linapendekeza seva iulize, na mchezo urudiwe kwa maswali hayo.

Shule ikiwa na kompyuta hata moja, darasa liikague programu halisi kwa majaribio manne: fungua ukurasa wa ndani na uupakie upya, iandike anwani yake kwenye kifaa kingine, kosea herufi moja makusudi, bonyeza kurudi nyuma ukiwa katikati ya zoezi. Watoto waandike walichokiona, si walichokitarajia.

Kwa wanachuo wenyewe, kazi ya wiki hii ni kuandika jedwali la njia kwa programu ya maktaba ya Chuo: kutafuta kitabu, kuazima, kurudisha, na orodha ya waliochelewesha. Mstari wa mwisho utawatatiza. Orodha hiyo ina majina ya watu, na mkutubi anataka aweze kumtumia kila mkuu wa idara kiungo cha wanachuo wake. Amueni kipi kitakuwa katika anwani, na seva itamwuliza nini anayeifungua.